Taa ya leza na kidonda cha paka

Wiki hii tunajibu ulizo moja tu, maana ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kikundi cha wamama wa Mangobo, wale wanaoweka mchele na karanga pamoja ili kuuza wakati bei inapanda, wana paka wawili wanaolinda ghala. Dume alirudi asubuhi moja shavu limevimba. Baada ya siku chache uvimbe ulipasuka, usaha ukatoka, na tangu hapo kidonda kinafunga na kufunguka. Mtoto wa mmoja wao anayekaa Ubelgiji aliwaambia kwa simu kwamba huko wanganga wa wanyama wanasaidia vidonda vya paka kwa mwanga wa leza. Na wiki hiyohiyo kijana mmoja akapita sokoni na taa ndogo nyekundu, akisema ndiyo hiyo leza, dola 25. Wamama wanatuuliza: tutoe pesa ya likelemba tununue?

Taa ya sokoni, hapana. Lakini yule mtoto wa Ubelgiji hakudanganya, na tunaona vizuri tueleze leza hiyo ni nini, ili kesho mtu mwingine akija na taa ya rangi nyingine tusianze tena kutoka mwanzo.

Kuponya kwa mwanga si jambo la jana. Mwaka wa 1903 munganga mmoja wa Denmark, Niels Finsen, alipewa zawadi ya Nobel kwa sababu alitumia mwanga wa nguvu kutibu kifua kikuu cha ngozi. Leza yenyewe ilikuja baadaye: ya kwanza iliwashwa Marekani mwaka 1960 na Theodore Maiman. Mwanga wa balbu ya nyumbani ni rangi nyingi zilizochanganyika, na unatawanyika kila upande. Mwanga wa leza ni wa rangi moja, na unakwenda pamoja kama askari kwenye gwaride la 30 Juni. Mwaka 1967, mjini Budapest, munganga wa Hungaria anayeitwa Endre Mester aliwanyoa panya mgongoni na kuwamulikia leza nyekundu hafifu. Alitaka kujua kama itawaletea kansa. Kansa haikuja. Lakini wale waliomulikiwa, manyoya yao yaliota haraka kuliko ya wenzao. Kutoka hapo akaanza kuijaribu kwa watu wenye vidonda vilivyokataa kupona.

Leza inayotumika kwa vidonda si ile ya kukata ambayo wanganga wa upasuaji wanashika. Ni mwanga mwekundu, au ule ulio baada ya mwekundu ambao jicho halioni. Unaingia katika ngozi, na ndani ya chembe za mwili kuna sehemu ndogo sana zinazotengeneza nguvu, zinaitwa mitokondria. Zenyewe ndizo zinapokea ule mwanga. Chembe ikipata nguvu zaidi inafanya kazi yake ya kutengeneza ngozi mpya, mishipa midogo ya damu inafunguka, uvimbe unapungua, maumivu pia. Munganga anapima kiasi cha mwanga kama anavyopima dawa, kwa ukubwa wa kidonda na kwa rangi ya ngozi, kwa sababu ngozi nyeusi na manyoya meusi vinameza mwanga mwingi na kupata joto. Ananyoa manyoya kwanza. Kila mtu ndani ya chumba anavaa miwani maalum, na macho ya paka yanafunikwa. Anamulika dakika chache, na kurudia mara mbili au tatu kwa wiki. Paka wengi wanatulia tu, kwani hakuna sindano wala kuchoma.

Je, inasaidia kweli? Hapa tusipake sukari. Kwa watu, kuna kazi moja ambayo mwanga huo unakubalika nayo vizuri: kuzuia na kutuliza vidonda vya kinywa kwa wagonjwa wa kansa wanaopata dawa kali. Kwa wanyama habari zinagongana. Mwaka 2015 watafiti walimulika vidonda vya wazi vya mbwa, hawakuona tofauti na vile visivyomulikwa. Mwaka 2019 wengine walimulika mishono ya mbwa 9 waliopasuliwa mgongo, wakaona kovu limekuwa zuri zaidi. Mbwa tisa! Kwa paka kazi zilizofanywa ni chache zaidi. Ndiyo maana wanganga wenyewe wanaiita msaidizi: inakuja juu ya matibabu, haichukui nafasi ya matibabu. Mashine ya kweli inagharimu maelfu ya dola, na inataka umeme usiokatika, jambo ambalo sisi wa Kisangani tunalicheka tu.

Na kuna mambo ambayo leza haifanyi hata ikiwa ya bei gani. Haitoi usaha uliofungwa chini ya ngozi, haiondoi nyama iliyokufa, haitoi jino la paka mwingine lililovunjikia ndani. Kuna pia mahali inapokatazwa: juu ya jicho, juu ya tumbo la paka mwenye mimba, na juu ya kansa, kwa hofu kwamba itaikuza. Hilo la mwisho linatuhusu sana sisi tunaokaa karibu na ikweta. Paka mwenye masikio meupe au pua nyeupe anachomwa na jua mwaka hadi mwaka, na siku moja anatoka kigaga kidogo kwenye ncha ya sikio. Kinaanguka, kinarudi, kinakula sikio polepole. Mama anafikiri ni mikwaruzo ya ugomvi. Mara nyingi ni kansa ya ngozi, na dawa yake ni munganga kukata ncha hiyo mapema. Mtu akiimulika kwa taa ya dola 25 atakuwa anapoteza miezi ambayo paka hana.

Taa yenyewe ya sokoni ni ya aina mbili. Nyingine ni balbu nyekundu tu, haidhuru wala haiponyeshi. Nyingine ni leza kweli, ile ya kuonyeshea ubaoni au ya kuchezea, na hiyo inaweza kuharibu jicho la mtoto kwa dakika isiyo na sauti wala maumivu. Mkiwa nayo nyumbani, mwondoleeni mtoto leo.

Sasa turudi kwa dume la Mangobo, maana kidonda chake tunakijua. Jino la paka ni jembamba kama sindano. Linaingia ndani sana, linaacha tundu dogo, na tundu hilo linajifunga siku ileile huku vijidudu vya mdomoni vikibaki chini ya ngozi. Siku mbili hadi tano baadaye panavimba, paka ana homa, hali, anajificha chini ya kitanda. Kisha panapasuka na kunuka. Wamama wengi wanaogopa wakati huo, lakini kupasuka ndiko mwili unakojisaidia. Kosa ni kukiacha tundu kijifunge juu kabla ya ndani kuwa safi. Usaha unakusanyika tena, panapasuka tena, na ndiyo ile hadithi ya kufunga na kufunguka.

Mkitaka kumsaidia, muwe wawili. Mmoja amfunge paka ndani ya kikwembe cha zamani, miguu yote ndani, kichwa nje, kama tunavyofunga mtoto mchanga. Mwingine avae glavu, au mifuko ya plastiki safi mikononi kama glavu hazipo. Kateni manyoya yanayozunguka kidonda kwa mkasi wa ncha butu. Chemsheni maji nusu lita, mtie chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, myaache yawe ya vuguvugu. Kama uvimbe haujapasuka, lowesheni kitambaa safi, mkamue, mkiweke juu dakika kumi, mara tatu kwa siku, utalainika na kufunguka wenyewe. Msiutoboe kwa wembe. Ukishapasuka, chukueni sindano ya plastiki isiyo na ncha, ile ya kuuzwa famasi kwa franka kidogo, mmwagie maji ya chumvi ndani hadi yatoke safi. Asubuhi na jioni. Kila siku futeni kigaga kwa kitambaa chenye maji hayo ili mdomo wa kidonda ubaki wazi siku tatu au nne, kipone kutoka chini kwenda juu.

Watu wanatuuliza kuhusu asali ya msitu. Asali inavuta maji kutoka kwa vijidudu na kuwadhoofisha, na hata hospitali kubwa zinatumia asali iliyosafishwa kwa ajili ya vidonda. Ile ya sokoni kwetu mara nyingi imechanganywa na maji ya sukari, na hiyo ni chakula cha nzi. Kama mnaijua inatoka kwa nani, tabaka jembamba juu ya kidonda cha wazi kilichooshwa, na kitambaa juu kinachobadilishwa kila siku, inakubalika. Ndani ya tundu refu la meno, msiitie.

Shida kubwa inayobaki ni ulimi. Tunasikia kwamba mate ya paka ni dawa. Ulimi wa paka una miiba midogo kama tupa, na kila anapolamba anakwangua ngozi mpya iliyoota usiku. Kateni karatasi ngumu ya boksi katika umbo la nusu duara, mwikunje kama faneli, mwifunge shingoni ili kichwa kibaki ndani na vidole viwili viingie kati ya karatasi na shingo. Atarudi nyuma, ataanguka, atawakasirikia siku moja. Atazoea. Mtoeni wakati wa kula mkiwa mnamwangalia. Na apate chakula chenye nguvu, maana ngozi haijengwi kwa fufu peke yake: vichwa vya samaki, ndakala iliyooshwa chumvi, yai la kuchemsha.

Tunakuja sasa kwa mambo yanayoua, na tunaomba mama mwenye kusoma kwa sauti katika mkutano apunguze mwendo hapa. Parasetamoli inaua paka. Ini lake halina njia ya kuivunja kama ini la mtu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kutosha: fizi zinageuka rangi ya kahawia, uso unavimba, pumzi inakatika. Ibuprofeni na diklofenaki nazo ni hatari. Mama anayempa paka nusu kidonge kwa huruma hajui kwamba kidonda kisingemuua, dawa ndiyo itamuua. Vilevile petroli, mafuta machafu ya injini, unga wa betri, pilipili, na kreolini ya kuoshea choo. Vyote hivyo tumeviona vikipakwa. Vinachoma nyama iliyo hai, kisha paka analamba na sumu inaingia tumboni. Vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kabatini pia viacheni. Paka huyu anahitaji antibiotiki mara nyingi, lakini munganga wa wanyama ampime uzito na kuchagua.

Si kila kinachofanana na kidonda ni kidonda cha ugomvi. Kuna uvimbe wenye tundu dogo katikati ambapo kitu kinapumua. Huyo ni funza yule mama anamjua kutoka nguo za mtoto: nzi anataga mayai kwenye nguo zilizoanikwa chini au kwenye mchanga wenye unyevu, ndiyo sababu tunapiga pasi hata nepi. Paka anayelala mchangani anampata mgongoni na miguuni. Msimkamue kwa nguvu, akipasuka ndani anazusha uvimbe mkubwa. Pakeni vazelini nene juu ya tundu, funza anakosa hewa, anajitokeza, mnamvuta polepole kwa kibano, kisha maji ya chumvi. Na kuna madoa ya duara yanayotoa manyoya na kuacha ngozi kama unga. Hayo ni kuvu, yanaambukiza watoto wa nyumba, hayatibiwi kwa kuosha tu wala kwa taa yoyote.

Vingine, tuseme ukweli, ni vidonda vya mkono wa mtu. Paka mweusi anapigwa jiwe kwa sababu ya maneno ya bulozi, mwingine ananaswa na waya wa mtu anayemtafuta kwa sufuria. Sisi hatutaingia katika mabishano hayo leo. Tunasema tu kwamba panya wa ghala hamwogopi mchungaji, anamwogopa paka, na mama aliyewahi kufungua gunia la mchele wa Isangi akakuta nusu ni mavi ya panya anajua paka anastahili kijiko cha chumvi.

Lini kidonda kinapita uwezo wetu? Paka akikaa siku mbili bila kula, maana ini lake linaharibika haraka kwa njaa. Kidonda kikiwa karibu na jicho, kifuani au tumboni, au mfupa ukionekana. Funza weupe wa nzi wakiwa wengi ndani. Moto wa mbabula au maji ya moto yakiwa yamechoma sehemu kubwa. Au kidonda kisipofunga kwa wiki mbili ingawa mnakiosha, kama hiki cha Mangobo. Hapo mpandisheni kwenye toleka ndani ya kikapu chenye kifuniko, mwendeni kwa munganga wa wanyama. Msimpopo, ulizeni ofisi ya kilimo, uvuvi na ufugaji ya jimbo. Wamezoea mbuzi na nguruwe, lakini kufungua jipu la paka hakutawashinda. Na dume akipona, muulizeni kuhusu kumhasi. Dume aliyehasiwa anapigana kidogo sana, na anaendelea kukamata panya. Kwa maoni yetu pesa ya likelemba ina kazi hapo: glavu, sindano ya kuoshea, munganga, kuhasi, na chanjo.

Chanjo tunayosema ni ya kichaa cha mbwa, na hii ndiyo sababu tuliona ulizo la Mangobo ni kubwa. Paka mwenye jeraha la meno ameng'atwa na mnyama ambaye hamumjui. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa hicho wanaambukizwa na mbwa, lakini paka aliyeng'atwa na mbwa mgonjwa anaupata ugonjwa huo na anaupitisha kwa mkono unaomwosha. Kama paka mwenye jeraha amebadilika tabia, mpole amekuwa mkali au mkali amekuwa kama mlevi, anadondosha mate, hawezi kumeza, analia sauti isiyo yake, msimshike hata kwa glavu. Mfungieni mlango, mwite munganga wa wanyama.

Na paka yeyote akimng'ata au kumkwaruza mtoto mpaka damu ikatoka, hata paka wa nyumbani, hata akiwa mzima: oshe kidonda cha mtoto kwa sabuni na maji yanayomwagika, dakika 15 kamili, mkihesabu. Msikifunge kwa majani, msikitie pilipili. Siku hiyohiyo mpelekeni kituo cha afya, muulize kuhusu chanjo ya kichaa na ya pepopunda. Ugonjwa huo ukishaanza kuonyesha dalili karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikitolewa mapema inauzuia. Paka mwenyewe msimuue: mfungieni siku kumi, mumpe maji na chakula bila kumgusa. Akiwa bado mzima siku ya kumi, munganga wa mtoto aambiwe, ataamua kama sindano zilizobaki zinaendelea.